Koplo Ngatia, Mtu Asiyeweza Kula Peke Yake

Marehemu Philemon Ngatia Theuri alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 huko Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri, akiwa kifungua mimba wa Mzee Theuri wa Ngatia na Mama Murugi. Kwa kuwa alikuwa mwana wa kwanza wa kiume, alipewa jina la babu yake mzaa baba, kama desturi inavyotaka. Na kama desturi inavyotaka pia, pamoja na jina alikabidhiwa tabia. Babu huyo alikuwa amekwenda vita vya Mjerumani huko Tanganyika, akarudi bila kidole kimoja na bila maneno. Inasemekana alipoulizwa vita vilikuwaje, alijibu kwamba vilikuwa mbali. Basi mtoto alipolia, akina mama walisema ni askari anatoa amri. Alipocheka, wakasema askari amefurahi.

Miaka miwili baadaye alizaliwa nduguye, Muriithi, akapewa jina la babu mzaa mama, mzee mpole aliyegawia majirani mbuzi wake mpaka akabaki na kamba. Ikajulikana, kabla hajaota jino, kwamba Muriithi ana roho laini na atakuwa mtu wa nyumbani. Wote waliowajua ndugu hawa wawili wanakubali kwamba tabia zilifika kweli, ila zilikosea mlango.

Ngatia hakuweza kula peke yake. Mama Murugi anasimulia kwamba alipompakulia githeri, kijana alibeba bakuli lake akavuka uwanja kwenda kwa jirani, na jirani asipokuwepo aliendelea hadi kwa jirani wa jirani. Bakuli moja la nyumba hiyo lilipatikana sokoni. Muriithi naye aliwahi kupelekwa kuchunga karibu na msitu, ukoo ukapatwa na msiba, akasahauliwa huko wiki mbili. Alipofuatwa aliuliza mbona wamekuja mapema.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1951. Masomo yalikatizwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, familia zilipohamishwa na kukusanywa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Wengi waliohudhuria hapa leo wanakikumbuka kijiji hicho kwa njaa na kwa fimbo. Ngatia, Mungu amsamehe, alikipenda, kwa sababu nyumba zilikuwa zimebanana. Alimaliza darasa la nane mwaka 1961, na mwalimu wake alimweleza Mzee Theuri kwamba kijana ana akili, lakini huzigawa kwa kila mtu wakati wa mtihani.

Kuanzia mwaka 1962 alifanya kazi katika hoteli moja ya chai mjini Nyeri. Hapo ndipo Watiri, binti wa Mzee Wahome na Mama Ngendo wa Kutus, alipomwona mara ya kwanza, mwezi wa Agosti 1963, alipokuja na kwaya ya kanisa lao. Aliagiza kikombe kimoja cha chai. Mhudumu akaleta viwili, akaketi. Watiri anasema alikuwa hajawahi kuona mwanamume anayeongea hivyo bila kulewa. Alijua habari za kila meza, na alizijua kwa huruma, bila kumcheka mtu. Kwaya ilipoondoka, Watiri alikuwa amekwisha kuamua, ingawa alimwacha kijana adhani kwamba bado anajitahidi.

Mwezi wa Novemba 1964 tangazo lilitoka kwamba jeshi linaandikisha vijana katika uwanja wa mpira mjini. Mzee Theuri aliona vyema kijana mmoja aende na mmoja abaki na kahawa. Muriithi, ambaye hakuwa mtu wa kuomba, aliomba.

"Baba, niende mimi."

"Wewe ni mtu wa mama yako," Mzee Theuri alimjibu. "Jeshi si mahali pa roho laini. Ataenda Ngatia. Huyu ameshawahi kwenda. Njia anaijua."

Ngatia, ambaye hakuwa amefika mbali zaidi ya Kutus, alicheka, akidhani baba yake anafanya mzaha. Mzee Theuri hakuwa anafanya mzaha. Kwake yeye, aliyeitwa Ngatia alikuwa Ngatia.

Uwanjani walimtazama meno, wakampima kifua, wakamkagua nyayo kama zina upinde, wakamkimbiza. Alifaulu yote. Hakuna aliyeuliza kijana huyu akiachwa peke yake atakuwaje. Kipimo hicho hakikuwepo, wala hakuna aliyeona kwamba kinakosekana.

Mafunzo aliyafanyia Nakuru, na yalikuwa miezi ya furaha. Makuruti walilala wengi katika banda moja, walikula pamoja, waliimba wakikimbia, waliadhibiwa pamoja. Wenzake wenye hasira walivunjika, wenye kiburi walivunjwa, na vijana wa kimya walijifunika blanketi usoni wapate dakika moja ya kuwa wao wenyewe. Ngatia alinenepa. Alipokuja likizo Watiri alimkuta akisimulia habari za makuruti wote kwa majina yao na majina ya mama zao. Mzee Theuri alitazama watu akasema, "Si niliwaambia?"

Mambo yanayofuata yanasomwa kwa idhini ya mjane wa marehemu. Alisema ni bora yasomwe mbele ya watu kuliko yanong'onwe nyuma yao. Yeye mwenyewe aliyapata kwa Sajini Kioko, mzee kutoka Machakos, aliyekuwa mkubwa wa marehemu huko kaskazini na ambaye tuko naye hapa leo.

Mwaka 1965 marehemu alipelekwa kaskazini, wakati wa vita vya shifta, yaani waasi wa mpakani, katika kambi ndogo iliyolinda barabara na kisima. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa nyuma ya mawe, kila mtu na lindo lake, na kutazama mahali ambapo hakuna kitu. Kijana mmoja wa Embu, mkimya wa kuzaliwa, alistawi katika kazi hiyo. Alitoka lindoni uso umetulia kama mtu aliyetoka kanisani. Kwa hiyo alipofanya kosa dogo la buti chafu, alihamishiwa jikoni, katikati ya kelele na watu, na huko akawa mgonjwa. Ngatia naye, aliyekuwa akiugua lindoni, aliomba jikoni mara tatu. Kila mara aliambiwa kwamba jikoni ni mahali pa adhabu, na yeye hana kosa.

Kosa alilipata mwezi wa Juni 1966. Alasiri moja ya upepo, mzee mchunga mbuzi alijitokeza katika vumbi akielekea kisimani. Kwa sheria, mlinzi alipaswa kumwamuru asimame, mara tatu. Ngatia aliinuka kutoka nyuma ya mawe, akapunga mkono, akamsalimu, akampa maji ya chupa yake mwenyewe. Waliketi wakaongea. Hawakuwa na lugha moja, jambo ambalo halikuwazuia. Sajini Kioko aliwakuta katikati ya mazungumzo, na bahati mbaya hakuwa peke yake. Afisa kijana alikuwa nyuma yake.

"Umefanya nini wewe?" Kioko alimwuliza Ngatia, mzee alipokwisha kwenda.

"Nimesalimia mzee, afande."

"Sheria inasema nini?"

"Inasema niseme simama."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema habari ya mbuzi."

Kioko anasema alitamani kucheka, lakini afisa hakutamani. Ikaamriwa mlinzi huyo apelekwe lindo la mwisho, lile la ng'ambo ya korongo, akae huko peke yake mpaka azoee kazi.

"Afande, nipe adhabu ingine," Ngatia alimwomba Kioko njiani. "Nichimbe choo. Nikimbie na mzigo. Hiyo ya kukaa peke yangu usinipe."

"Adhabu haichaguliwi kama chakula ya hoteli."

"Mimi si mtu wa kukaa peke yake, afande. Hata nyumbani wanajua."

"Ngatia. Jeshi haliulizi wewe ni mtu wa namna gani. Linauliza buti namba ngapi."

"Namba tisa."

"Basi."

Mwezi uliofuata, katika upepo ule ule, mtu alijitokeza upande wa korongo akija moja kwa moja kwenye mawe. Ngatia alikuwa amezoea kazi. Alisema simama, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa sauti aliyofundishwa. Yule mtu hakujua Kiswahili. Alijua tu kwamba nyuma ya mawe ya namna hii kuna askari mwenye urafiki, kwa hiyo akapunga mkono na kuendelea kuja. Ngatia akafyatua risasi. Walipomfikia, alikuwa ni yule mzee wa mbuzi, amebeba kibuyu cha maziwa, na hakuwa amebeba kitu kingine.

Taarifa ilisema adui mmoja. Mwezi wa Septemba 1966 marehemu alipandishwa cheo kuwa koplo, na hicho ndicho cheo kilichochapwa juu ya ratiba hii, kwa kuwa ratiba za mazishi hupenda vyeo. Kioko anasema tangu siku ile Koplo Ngatia alikuwa mlinzi bora kambini. Hakusalimu mtu.

Alifunga ndoa na Watiri tarehe 20 Aprili 1968, katika kanisa la kwao bibi harusi huko Kutus, akiwa likizoni. Watiri alikuwa ameposwa na mtu mmoja, akaolewa na mwingine mwenye sura ile ile. Usiku wa karamu wageni walicheza, na bwana harusi akasimama mlangoni akitazama barabara. Asubuhi Watiri alimwendea mama yake.

"Mama, nimeletewa mwingine."

"Wote huja wengine," Mama Ngendo alimjibu. "Mpe chakula."

Alimpa chakula. Walijaliwa watoto watatu: Theuri mwaka 1969, Murugi mwaka 1972 na Wahome mwaka 1977. Marehemu alikuwa baba mwema. Hakumpiga mtoto, hakunywa, alipasua kuni za nyumba yake na za mama yake. Ila chakula kilipoiva alichukua sahani yake, akaenda kuketi nyuma ya ghala, mgongo ukutani.

"Baba Theuri, njoo ule na watoto."

"Kuleni. Mimi nitakula."

Mazungumzo hayo yalirudiwa kila jioni aliyokuwa nyumbani, kwa miaka mingi, na hayakuwahi kupata sentensi ya tatu. Watiri hakuwa anataka mambo makubwa. Hakuomba kujengewa nyumba ya mawe wala kununuliwa ng'ombe wa gredi. Alitaka mume wake aketi mezani na aseme kitu chochote, hata cha kijinga, hata cha kumlaumu.

Marehemu aliondoka jeshini mwezi wa Januari 1974. Angeweza kurudi hotelini, lakini kila mwajiri aliposikia neno jeshi alimpa koti, rungu na lango. Alilinda ghala la mahindi huko Sagana hadi mwaka 1979, kisha kiwanda cha kahawa karibu na Kutus hadi alipougua. Waajiri wote wawili walimsifu. Walisema ni mtu aliyezaliwa kwa kazi ya upweke.

Mwaka 1976 Sajini Kioko, akiwa amestaafu, alipita Gatitu kumwona koplo wake. Walikaa uani wakatazamana, koplo akaenda kupasua kuni. Kioko akamfuata Watiri jikoni.

"Mama Theuri, niko na maneno. Bwana yako hakuwa hivi. Huyu alikuwa anaongea mpaka mimi namwambia nyamaza."

"Basi alikusikia, afande," Watiri alisema.

Ndipo Kioko akaketi juu ya kigogo akaeleza yote mliyosikia.

Sasa Watiri alijua ugonjwa, akadhani kujua ni nusu ya dawa. Alianza na Muriithi, ambaye wakati huo baba yake alikuwa amekwisha kumfanya mwenyekiti wa ukoo, mweka hazina wa kanisa na msemaji katika posa, kwa kuwa ana roho laini na ni mtu wa watu. Muriithi alikuja, akaketi na kaka yake nyuma ya ghala tangu chakula cha mchana hadi ng'ombe waliporudi. Hakuna aliyefungua kinywa. Akiondoka, Muriithi alimshukuru shemeji yake kwa machozi, akasema hajapata mazungumzo mazuri hivyo tangu aingie kwenye kamati.

Mchungaji alikuja, akaomba, akaondoka. Hatimaye wazee wakasema jambo liko wazi: mtu amemwaga damu, hajatakaswa. Mwezi wa Februari 1977 Mzee Gicheru aliongoza shughuli, mbuzi akachinjwa, na marehemu akaketishwa katikati. Desturi hiyo, kwa vijana wasioijua, ni rahisi. Mtu hutaja kwa sauti, mbele ya watu, kitu alichokifanya, kisha hutema mate, na kila anapotaja na kutema kile kitu humtoka. Mzee wa kanisa naye alikuwepo, akiwa amekuja kupinga ushenzi.

"Sema tu, mtoto wetu," Mzee Gicheru alimwambia. "Sema na uteme. Sisi wote tuko hapa."

Ngatia alijitahidi. Watiri, aliyekuwa akitazama kutoka mlango wa jikoni, aliona shingo yake ikikaza na midomo ikifunguka, akaona jasho. Alitema mate. Maneno hayakuja. Akatema tena. Jua lilipofika utosini wazee walisogea kando wakajadiliana kama mate bila maneno yanahesabika, wakakubaliana kwamba hayahesabiki. Dawa ya mtu aliyenyamaza ilikuwa kusema, na hakukuwa na dawa nyingine. Mbuzi aliliwa hata hivyo. Mzee wa kanisa alibaki mpaka mbavu.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi wa Novemba 1985. Alikuwa mtu wa kutolalamika, hivyo uvimbe ulipogunduliwa ulikuwa umekwisha kupanga nyumba na kuhamia. Tarehe 12 Mei 1986 alilazwa katika hospitali mjini Nyeri, wodi ya wanaume. Daktari alimweleza Watiri kwa upole kwamba watampunguzia maumivu. Hakutaja kitu kingine ambacho wangempunguzia.

Mwishoni mwa Juni Watiri alikuja na chakula saa ya kuona wagonjwa, akasikia kutoka kwenye korido mwanamume mmoja ndani ya wodi akisimulia kitu, na wodi nzima ikicheka. Alifikiri ni mgonjwa mwingine. Alimwonea wivu mke wa mgonjwa huyo. Alipotia mguu ndani ile sauti ilikatika, na mume wake, akiwa ameinuka juu ya mto, akamtazama, akalala akageukia ukuta.

"Mzee wenu ni redio," alisema Konstebo Apondi, mgonjwa wa kitanda cha pili, polisi mwenye mguu uliovunjika. "Huyu, ati hata mwenye kufagia anamjua mpaka mama yake. Tunakula naye, tunacheka naye. Nyinyi huko nyumbani mnakaa namna gani na kelele hii?"

Watiri alisema wanakaa vizuri.

Kuanzia siku hiyo hakuingia. Alifika mapema, akampa muuguzi sufuria, akasimama koridoni karibu na mlango. Alileta sufuria kubwa zaidi, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba chakula kinaliwa na vitanda vyote vya upande ule. Muuguzi, Sista Mbula, alimwonea huruma.

"Mama, mbona unasimama? Ingia, saa inaisha."

"Nikiingia atanyamaza."

"Hapana, ingia tu. Ni bwana yako."

"Ndiyo sababu," Watiri alisema.

Alisikia akiwa amesimama pale mambo ambayo hakuwahi kuambiwa: makuruti wa Nakuru, bakuli lililopotea, ushauri kwa kijana wa kitanda cha dirishani jinsi ya kumrudia mke aliyekwenda kwao. Habari ya mzee wa mbuzi hakuisikia. Alisikia hadithi moja ambayo Ngatia aliirudia sana, ya kijana aliyetembea kutoka Sagana hadi Kutus katika mvua kumwona msichana mmoja wa kwaya, na njiani aliokota kila aina ya tope na kila aina ya mtu.

Tarehe 14 Julai sauti ilikuwa dhaifu. Watiri aliogopa kwamba haitakuwepo siku nyingine, akaingia. Kijana wa hadithi alikuwa amefika mlangoni. Ngatia alimwona mke wake akanyamaza. Watiri akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Endelea," alimwambia. "Na mimi nataka kusikia."

"Nimesahau nilipofika."

"Umefika mlangoni, mzee," Apondi alimsaidia. "Umeshagonga."

Ngatia alimgeukia mke wake, akafungua midomo. Watiri anasema shingo yake ilikaza kama siku ile ya mbuzi. Kisha akamgusa mkono, akafumba macho, na saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Alifariki Alhamisi tarehe 17 Julai 1986, asubuhi, wodi ikinywa chai. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Kesho yake Watiri alikwenda kuchukua blanketi na viatu. Alipokuwa akikunja, Konstebo Apondi alikohoa.

"Mama, pole sana. Utatusamehe. Lakini sisi tulibaki hapo mlangoni. Yule msichana alifungua?"

"Alifungua."

"Akamkubali?"

"Alimkubali," Watiri alisema. "Ndiye mimi."

Wodi nzima ikanyamaza, na kunyamaziwa ni jambo ambalo Watiri amelizoea.

Marehemu ameacha mjane, Watiri. Watoto Theuri, Murugi na Wahome. Mama yake mzazi, Murugi. Ndugu yake Muriithi, ambaye ameombwa na familia aseme machache na ameomba asiseme. Dada yake Wachuka. Na marafiki wa wodi ya wanaume, ambao wamemtuma Konstebo Apondi na magongo yake awawakilishe. Familia inamshukuru Sista Mbula kwa kupokea sufuria.

Bwana amlaze kwa amani, na kama inawezekana, asimlaze peke yake.